Kufunga Skupu ya Boneti Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Arusha na Moshi

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mwenye gari aliyenunua, au anayefikiria kununua, skupu ya boneti ambayo haikutoka na gari lake kiwandani, na anayetaka kuifunga mwenyewe uani kwake badala ya kulipeleka gari kwa fundi bodi. Maswali yamepangwa kwa mfuatano ambao kazi yenyewe huufuata, kuanzia kuamua hadi kuiondoa.

Skupu ya boneti ni nini, na magari gani yametoka nayo kiwandani?

Skupu ni mdomo wa hewa unaokaa juu ya boneti, ama ukitazama mbele, ama ukitazama kioo. Katika barabara zetu utaiona kwenye Subaru Impreza WRX, kwenye Subaru Forester yenye tabo (kifaa kinachoikandamiza hewa kabla ya kuingia kwenye injini), na kwenye Toyota Hilux ya kizazi cha Vigo yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV. Watu wengi hawajui kwamba katika magari hayo yote matatu skupu haiingizi hewa ya kuchomea mafuta hata kidogo. Hewa ya kuchomea hupitia kwenye filta yake, mahali pengine kabisa. Kazi ya skupu ni kupuliza intakula, yaani kipoza cha hewa iliyotoka kwenye tabo, ambayo imelazwa juu ya injini, chini kidogo ya boneti. Tabo inapoikandamiza hewa huipasha moto, mara nyingi hadi kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na hewa hiyo ya moto ni lazima ipozwe kabla ya kuingia kwenye silinda. Ukifungua boneti ya gari la namna hiyo utaiona intakula yenyewe: boksi bapa la alumini lenye mapezi membamba kama ya rejeta, limekaa sawasawa chini ya tundu.

Gari langu halina tabo. Je, nikifunga skupu litaongezeka nguvu?

Hapana. Huenda likapatikana badiliko ambalo mashine ya kupimia itaweza kulinasa, lakini mguu wako hautalihisi.

Imani kwamba mwendo wa gari huisukuma hewa kwa nguvu hadi ndani ya injini ni ya zamani, na hesabu inaikataa. Gari linapokwenda kilomita 80 kwa saa katika hewa ya Arusha, shinikizo linalotokana na mwendo huo kwenye mdomo wa skupu ni takribani paskali 250. Shinikizo la hewa ya kawaida hapa mjini ni karibu paskali 85,000. Kwa hiyo, hata kama skupu ingeunganishwa moja kwa moja na injini bila kupoteza chochote njiani, ongezeko lingekuwa chini ya theluthi moja ya asilimia 1. Ndani ya makazi, ambako kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, shinikizo hilo hushuka hadi paskali 100 hivi. Linganisha na tabo ya kawaida ya gari la barabarani, ambayo huongeza paskali 50,000 na zaidi.

Hoja ya pili inayotolewa ni ya hewa baridi, na hii ina ukweli kiasi. Hewa ikipoa kwa nyuzi 3, uzito wake huongezeka kwa asilimia 1 hivi, na injini hupenda hewa nzito. Lakini IST, Raum, Premio na nyingi ya Toyota tunazoendesha tayari hunyonya hewa kutoka sehemu ya mbele ya chumba cha injini, upande wa grili na taa, si kutoka juu ya injini yenye joto. Skupu ambayo haina bomba linaloiunganisha na boksi la filta hupuliza tu kifuniko cha injini, na kifuniko cha injini hakina haja ya kupulizwa.

Ninaona ni heri mtu akiri tangu mwanzo kwamba anafunga skupu kwa ajili ya sura. Si jambo la aibu. Na akishakiri hivyo, kazi yote inakuwa nyepesi, kwa sababu hatakuwa na sababu ya kuikata boneti.

Arusha iko juu na hewa yake ni nyepesi. Je, skupu haifidii upungufu huo?

Haifidii. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko la Dar es Salaam. Moshi iko chini zaidi, na upungufu wake unakaribia asilimia 10. Pengo la asilimia 15 haliwezi kuzibwa na kitu kinachotoa theluthi ya asilimia 1.

Nina Forester yenye tabo, na skupu ipo tayari. Je, niweke kubwa zaidi?

Kabla ya kununua kubwa, chunguza kama ile uliyo nayo inafanya kazi. Chini ya boneti kuna mfereji wa plastiki unaoishusha hewa kutoka kwenye tundu hadi kwenye intakula, na mpakani mwake kuna povu la mpira ambalo linatakiwa kubanwa boneti inapofungwa ili hewa isitoroke pembeni. Magari haya yameshakuwa na umri. Povu hukauka, hupasuka, hubonyea, na wakati mwingine huwa limeondolewa kabisa na fundi aliyekuwa akishughulikia kitu kingine akasahau kulirudisha. Likishafika hapo, sehemu kubwa ya hewa inayoingia kwenye skupu huzunguka kando ya intakula badala ya kupita katikati ya mapezi yake, kwa kuwa hewa hufuata njia nyepesi.

Kipimo chake ni rahisi. Paka chaki kwenye ukingo wote wa juu wa povu, funga boneti, kisha ifungue tena. Mahali ambapo chaki imehamia kwenye boneti, povu linabana. Mahali ambapo boneti imebaki safi, hewa inatoroka. Kipande kipya cha povu kilichokatwa vizuri na kubandikwa kitakupa faida ambayo skupu ya ukubwa wa ndoo haitakupa.

Tazama pia mapezi ya intakula yenyewe. Gari lililosafiri sana kwenye vumbi la Kisongo na Monduli huwa limebeba udongo uliogandamana humo, pamoja na mabawa ya wadudu. Osha kwa maji ya msukumo mdogo, kwani mashine ya kuoshea magari ikielekezwa karibu huyakunja mapezi na kuziba njia uliyokuwa ukijaribu kuifungua.

Baada ya yote hayo, ikiwa bado unataka skupu kubwa, chagua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya boneti ya modeli yako, ili mdomo wake ulandane na mfereji wa chini. Hewa inayoingia kwa wingi bila kuwa na njia ya kutokea chini ya gari hujirundika na kumwagika nje ya mdomo.

Injini yangu inachemka. Je, skupu itaipoza?

Usitibu kuchemka kwa skupu. Angalia rejeta, themostati, feni, kifuniko cha rejeta na pampu ya maji.

Skupu hutengenezwa kwa nyenzo gani, na ipi inafaa kazi ya nyumbani?

Zipo za plastiki ya ABS, za faiba, za kaboni faiba na za bati. Kwa mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, ABS ndiyo inayosamehe makosa. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo ikidondoka, na inaweza kulainishwa kidogo kwa maji ya moto ili ifuate mkunjo wa boneti. Faiba hupatikana kwa urahisi zaidi kwa sababu hata mafundi wa hapa huweza kuifinyanga, lakini upande wake wa chini mara nyingi huwa na mawimbi na nyuzi zilizochomoza, na itabidi uusugue hadi uwe bapa kabla ya kubandika chochote. Vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo isugue kwa msasa wa maji, huku umevaa barakoa, glavu na mikono mirefu. Kaboni faiba halisi ni ghali, na jua letu huigeuza laka yake kuwa ya njano isipokuwa iwe na kinga ya miale. Bati ni la fundi wa kuchomelea, na hatutalizungumzia hapa.

Unaponunua, iwe ni spea mpya iliyoagizwa Kariakoo au ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani, iweke juu ya boneti yako kabla ya kulipa ikiwa inawezekana. Skupu iliyotengenezwa kwa gari lingine inaweza kuonekana inakaa vizuri katikati huku pembe zake zikiwa zimeinuka.

Nibandike, nifunge kwa bolti, au nikate boneti?

Ikiwa skupu ni ya mapambo, bandika kwa tepu ya povu la akriliki yenye gundi pande mbili, ile ile ambayo viwanda vya magari huitumia kushikilia nembo na mistari ya milangoni. Ikiwa skupu ni nzito, hasa ya faiba nene, ongeza bolti mbili au nne ili tepu isibebe mzigo peke yake. Kukata kunahalalishwa na jambo moja tu: kuwepo kwa kitu chini ya tundu kinachohitaji hewa, yaani intakula ya juu au boksi la filta lililounganishwa kwa bomba. Mtu aliyekata boneti ya Premio ili skupu yake ionekane ya kweli amejiletea mvua kwenye injini bila malipo yoyote.

Ipo njia ya nne ambayo mara nyingi ni bora kuliko zote tatu, nayo ni kutafuta boneti nzima ya mtumba yenye skupu ya kiwandani. Mwenye Forester isiyo na tabo anaweza kufunga boneti ya Forester yenye tabo ya kizazi hicho hicho, na bawaba zikakubali. Atalipa zaidi, na rangi itabidi ilinganishwe, lakini hatatoboa kitu.

Nijiandae na vifaa gani?

Kwa kubandika unahitaji tepu yenyewe, tepu ya karatasi ya kufunikia, futi ya kupimia, uzi, penseli laini, spiriti, vitambaa safi visivyotoa nyuzi na msasa namba 320 na 600. Kwa kutoboa au kukata ongeza drili yenye biti za milimita 3 na 6.5, jigso yenye meno madogo ya kukatia bati, tupa, praima ya kuzuia kutu, silikoni, bolti za chuma kisichoshika kutu pamoja na washa pana, miwani ya kinga, na mtu wa pili. Mtu wa pili si wa hiari. Boneti si nzito sana, lakini ni pana, na upepo ukiikamata mikononi mwa mtu mmoja itaishia kwenye madigadi au kwenye kioo.

Nitajuaje mahali hasa pa kuiweka?

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika, na huharibika kwa haraka ya mwenye gari, si kwa ugumu wa kazi. Jicho la binadamu ni kali sana kwa kitu kilichokaa upande, na kosa la milimita 5 kwenye boneti litaonekana na kila anayekuja mbele yako.

Usitumie nembo ya mbele kama alama ya katikati, kwa maana grili huenda iliwahi kubadilishwa au bampa kugongwa. Pima upana wa boneti yenyewe, kutoka ukingo hadi ukingo, katika sehemu tatu: karibu na kioo, katikati na karibu na grili. Weka alama ya nusu katika kila sehemu juu ya tepu ya karatasi, kisha vuta uzi uzipitie alama zote tatu. Zisipokaa kwenye mstari mmoja, boneti imekunjwa au imewahi kunyooshwa, na itabidi uamue kufuata mikunjo yake inayoonekana badala ya vipimo. Weka skupu juu, ifunge kwa vipande vya tepu ya karatasi, rudi nyuma mita kadhaa, uitazame ukiwa umesimama na ukiwa umechuchumaa. Iache hivyo hadi kesho yake. Ukiiona asubuhi kwa jicho lisilochoka, utajua.

Kwa skupu inayofanya kazi, mahali huamuliwa na fizikia na si macho. Hewa inayoteleza juu ya boneti hupunguza mwendo karibu kabisa na bati, hivyo mdomo unaotazama mbele unatakiwa kuinuka kidogo juu ya uso wa boneti. Karibu na sehemu ya chini ya kioo cha mbele hewa hugonga na kurundikana, na shinikizo hapo hupanda. Ndiyo maana skupu zilizogeuzwa nyuma, kama ile ya Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970 huko Marekani, huvuta hewa badala ya kuitoa. Mtu anayegeuza skupu itazame kioo akidhani inatoa joto huwa anafanya kinyume cha alichokusudia, ikiwa imekaa karibu mno na kioo.

Kama utatumia bolti, pima nafasi iliyo chini. Kanda unga wa ngano uwe mgumu, ufanye vidonge vyenye kimo cha sentimita 5, viweke kwenye plastiki nyembamba juu ya injini chini ya mahali bolti zitakapotokea, kisha fungua na kufunga boneti mara moja. Unene uliobaki wa kila kidonge ndio nafasi uliyo nayo. Kumbuka kwamba injini huyumba kwenye raba zake unapokanyaga mafuta, kwa hiyo kati ya ncha ya bolti na kitu chochote kiache angalau sentimita 2.

Kubandika kwa tepu hufanywaje ili isije ikang'oka barabarani?

Rangi ndiyo inayotangulia. Skupu ipigwe rangi na ikauke kabisa kabla ya kubandikwa, kwa sababu tepu hushika rangi, na rangi isiyokomaa hubanduka pamoja na tepu.

Osha boneti kwa maji na sabuni, kausha, kisha futa eneo la kubandikia kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Soma lebo ya chupa kwanza, kwani baadhi ya spiriti za hospitali huongezwa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta hayo ni adui wa gundi. Petroli huacha utando, na tinna inaweza kuilainisha rangi yako. Kitambaa kinachopita mara moja kitupwe au kigeuzwe, usirudishe uchafu ulioutoa.

Weka skupu kavukavu na uangalie pengo lililobaki kuzunguka ukingo wote. Pengo likizidi unene wa tepu, usijaribu kulifunga kwa kubana, kwa kuwa plastiki iliyobanwa hutaka kurudi ilikokuwa, na huivuta tepu mchana na usiku hadi ishinde. Ilainishe ABS kwa maji ya moto, au isugue faiba, mpaka ikae bila kulazimishwa.

Jotoridi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Watengenezaji wa tepu hizi hupendekeza nyuzi 21 hadi 38. Asubuhi ya mwezi Juni au Julai pale Njiro au Ngaramtoni, bati la gari huwa baridi kuliko hapo kwa mbali, na linaweza kuwa na umande usioonekana. Fanya kazi saa sita mchana au saa saba, gari likiwa kivulini baada ya kuota jua. Moshi haina shida hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka, ila huko boneti nyeusi iliyoachwa juani huungua mkono, na gundi iliyowekwa juu ya bati la namna hiyo hukamata kabla hujarekebisha.

Bandika tepu kwenye skupu, kando kabisa ya ukingo, bila kuacha mwanya kwenye pembe. Bandua karatasi ya kinga sentimita chache tu katika kila kona, ukunje ncha zake zitokeze nje, kisha uishushe skupu kwenye alama. Ikikaa sawasawa, vuta ncha moja moja na kubana nyuma yake kwa kidole gumba, ukitumia uzito wa mwili. Katika joto la kawaida gundi hufikia nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu kamili baada ya saa 72, na baridi huongeza muda huo. Kwa siku hizo 3 usiliogeshe gari wala usilipeleke barabara kuu.

Na nikihitaji kweli kukata, nianzie wapi?

Anza kwa kujua boneti yako ni ya nini. Weka sumaku, isiposhika, ni alumini, kama zilivyo baadhi ya boneti za Subaru. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu hulana, kwa hiyo tenganisha bolti na bati kwa washa za nailoni.

Chora mstari kuzunguka bawaba kabla ya kulegeza nati, ili uirudishe boneti ilipokuwa. Chomoa bomba la maji ya wipa. Ilaze boneti kifudifudi juu ya blanketi na uichunguze mifupa yake ya ndani, zile mbavu za bati zilizobandikwa chini. Kata kati ya mbavu, kamwe usikate ubavu wenyewe, na usikaribie loki wala bawaba. Mbavu hizo ndizo zinazoiwezesha boneti kujikunja katikati wakati wa ajali badala ya kurudi nyuma moja kwa moja kuelekea kioo, na ndizo zinazozuia loki isichezecheze.

Tundu liwe dogo kuliko msingi wa skupu kwa sentimita 2 au zaidi kila upande. Toboa pembe nne kwa biti nene ili pembe ziwe za mviringo, maana bati hupasukia kwenye pembe kali. Unganisha kwa jigso na si kwa grinda, kwa sababu cheche za grinda huchoma rangi na huzama kwenye kioo zikaacha vidoa visivyotoka. Lainisha ukingo kwa tupa, futa, paka praima mara mbili pande zote. Bati la boneti halifiki hata milimita 1 kwa unene, na ukingo ulioachwa wazi utaanza kutu mvua za kwanza tu. Bana bolti kwa mkono na kumalizia kwa spana robo mzunguko, hasa kwa faiba, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa.

Ukishairudisha boneti, ifunge na kuifungua mara kadhaa, na ujaribu ndoano ya usalama kwa kuivuta boneti juu ikiwa imefunguliwa nusu. Boneti inayofunuka ukiwa kwenye mwendo huziba kioo chote.

Maji ya mvua na vumbi yatakuwaje?

Kwenye gari lenye intakula juu, maji yanayoingia huangukia alumini na kuteremka. Kiwanda kililipanga hilo. Kwenye gari lisilopangwa hivyo, mambo ni tofauti. Injini kama 1NZ-FE ya IST ina koili zilizosimama juu ya plagi, katikati kabisa, na masika ya Machi hadi Mei humimina maji hapo hapo. Maji yakijaa kwenye kisima cha plagi, injini huanza kumisi, na mwenye gari huanza kununua koili moja baada ya nyingine. Kama umekata, funga chini ya tundu sinia jembamba la plastiki lenye mwinamo, na mpira wa kupitishia maji uelekezwe kando, mbali na altaneta na boksi la fyuzi. Wavu uwekwe pia, wa matundu madogo kiasi cha kuzuia majani na kokoto. Wavu hauzuii vumbi. Vumbi huzuiwa na filta, na aliyeunganisha skupu na boksi la filta atapaswa kuikagua filta yake mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Je, ninaweza kupiga rangi mwenyewe?

Praima na kusugua, ndiyo. Rangi ya mwisho na laka ya vijenzi viwili, ningekushauri umwachie fundi rangi wa Unga Limited, wa Majengo au wa popote unapomwamini. Kigumishi cha laka hizo kina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haiizuii. Mpelekee fundi namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota iko kwenye mstari ulioandikwa C/TR, ambapo 040 ni nyeupe na 1C0 ni fedha. Gari lililokaa juani kwa miaka mingi limeshafifia, hivyo fundi mzuri atachukua namba kama mwanzo tu, kisha atalinganisha kwa jicho. Mkumbushe apige praima maalumu ya plastiki ikiwa skupu ni ya ABS, la sivyo rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Nitahakikishaje kwamba hainizibii kuona?

Kaa kwenye kiti chako cha kawaida, na mwenzako asimamishe ndoo mbele ya gari, akiisogeza mbali polepole hadi uione sehemu yake ya chini. Weka alama ardhini. Rudia skupu ikiwa imewekwa kwa tepu ya karatasi. Alama ya pili ikiwa mbali kuliko ya kwanza, skupu imekula sehemu ya barabara, na katika eneo hilo ndimo wanamopita watoto wa shule na bodaboda. Mtu mfupi apime kwa kimo chake, na kama gari huendeshwa na watu wawili, kila mmoja apime.

Trafiki, TRA na bima watasemaje?

Kadi ya usajili haina nafasi ya skupu, lakini ina nafasi ya rangi, kwa hiyo ukibadilisha rangi ya gari zima sambamba na kazi hii, peleka taarifa TRA. Askari anayesimamia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 atajali zaidi kama kitu kimelegea, kina ncha kali au kinamzuia dereva kuona. Kwa bima kubwa, iarifu kampuni yako kwa maandishi na ubaki na nakala. Usisubiri siku ya kudai ndipo waione kwenye picha.

Nikiichoka, itaondoka bila kuharibu rangi?

Iliyobandikwa kwa tepu huondoka. Pasha ukingo kwa mashine ya kukaushia nywele hadi tepu ilainike, pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki chini ya kona moja, kisha uvute kwenda na kurudi kama msumeno, huku mwenzako akipasha mbele yako. Mabaki ya povu yasugue kwa kidole gumba, na utelezi unaobaki uufute kwa mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni. Ikiwa skupu ilikaa miaka kadhaa, rangi iliyokuwa imefunikwa itakuwa imekoza kuliko ya pembeni, na umbo lake litaendelea kuonekana juu ya boneti. Kusugua eneo lote kwa kompaundi ya kung'arishia rangi hupunguza tofauti hiyo. Kwa magari mekundu na meusi mara nyingi haiimalizi, na hapo boneti nzima hupigwa rangi upya.